Kodi ya Nyumba Si Kipimo cha Ustawi wa Mji

Iko dhana iliyoota mizizi katika mji wetu wa Kolwezi, nayo husemwa sokoni, barazani na hata katika vikao vya watu wenye elimu, ya kwamba mji hujulikana kuwa umestawi kwa nyumba zake za fahari. Na kwamba kila linapoinuka ghorofa jipya lenye vigae, kisima chake, jenereta yake na mlinzi mlangoni, likapangishwa kwa dola kwa mgeni aliyeletwa na kampuni ya madini, basi sisi wenyeji sote tumepanda daraja pamoja nalo. Nimeisikia kwa watu ninaowastahi, na kwa sababu nawastahi siwezi kuinyamazia. Ni dhana batili, tena yenye madhara, kwa kuwa inatufundisha kushangilia jambo lililopasa kututia fikira.

Mji huu ulianzishwa na kampuni ya madini ya kikoloni, Union Minière, mwaka 1937, na nyumba zake za mwanzo hazikuwa bidhaa bali sehemu ya ujira: aliyepewa kazi alipewa na paa. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za insafu, maana Mwafrika alitengwa na makazi ya Mzungu, na kambi ilikuwa njia ya kumtawala mfanyakazi hata baada ya saa za kazi. Lakini hata mkoloni, kwa tamaa yake mwenyewe, alitambua kwamba shaba haichimbwi na mtu asiye na mahali pa kulala. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaurithi utaratibu huo, ukadhoofika pamoja nayo, na mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wenye mitaji wa kigeni. Mwaka 2015 Lualaba ikawa jimbo na Kolwezi makao yake makuu. Na tangu hapo nyumba, iliyokuwa haki iliyofungamana na kazi, imekuwa nayo machimbo.

Nasema machimbo kwa kukusudia. Kule mtaa wetu wa Kasulo, kobalti ilipogunduliwa chini yake, wakazi walivunja sakafu za vyumba vyao wakateremka ardhini kwa kamba, hata mwaka 2017 sehemu ya mtaa ule ikahamishwa watu na kuzungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni. Wengi waliwalaumu wachimbaji wale kwa kuifanya maskani kuwa shimo. Lakini yule anayejenga nyumba ambayo hakuna mwalimu wala muuguzi wa mji huu atakayeweza kuipanga, akingoja dola za mgodini zipite mlangoni pake, naye anachimba kobalti ile ile, ila tu hachafuki mikono.

Na utajiri unaofuata bei ya madini huondoka nayo. Mwaka 2019, bei ya kobalti iliposhuka, kampuni ya Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda, miongoni mwa migodi mikubwa ya kobalti duniani, na uzalishaji haukurejea ila baada ya miaka miwili. Mnamo Februari 2025 serikali yetu yenyewe ilizuia kobalti kuuzwa nje ili kuinusuru bei. Jirani zetu wa Angola, ambao reli yao ya Benguela ndiyo inayotufikisha bandari ya Lobito, walipata funzo hili kabla yetu: Luanda ilitajwa mara kadhaa kuwa mji ghali kuliko yote duniani kwa wageni wa kazi, na ughali huo haukuwaondolea dhiki wakazi wa vitongoji vyake, wala haukuwakinga bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014.

Wataniambia kwamba ghorofa hizo huwapa kazi mwashi na fundi umeme, na kwamba wenye kuzimiliki baadhi yao ni ndugu zetu waliojinyima wakajenga. Ni kweli, wala simwonei kijicho mtu aliyejenga kwa halali. Lakini mwashi hulipwa mara moja, na kodi hupanda kila mwaka. Mwenye vyumba viwili vya matofali huko Manika, humu humu mjini, ambaye hakuna mgeni wa kampuni aliyewahi kubisha hodi kwake, akisikia mwenzake anapokea dola kwa mamia, naye huiongeza kodi ya mama muuza unga, pasipo kumwongezea bomba la maji wala saa moja ya umeme. Hivyo ndivyo fahari ya wachache inavyolipiwa na wengi wasiowahi hata kuiona sebule yake.

Na sheria ipo. Ile ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba inakataza dhamana ya nyumba ya kuishi kuzidi kodi ya miezi 3. Lakini mpangaji huambiwa alete ya miezi 6, na akiitaja sheria huonyeshwa njia, huku komisionera, yaani dalali wa nyumba, akidai chake kabla ya ufunguo kugusa kufuli. Fedha pia zipo. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, robo ya mrabaha hulipwa jimbo, asilimia 15 mamlaka za mahali madini yanapochimbwa, na kila kampuni hutakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Hizo ndizo hesabu za kuulizana barazani: mitaa mingapi imepata maji ya Regideso, nyumba ngapi za kodi nafuu zimejengwa kwa watumishi wa umma, wenye nyumba wangapi wamelazimishwa kuitii sheria ya dhamana. Asiyeweza kuzijibu asituonyeshe ghorofa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mgeni wa madini, hata awe mwema namna gani, siku moja hufunga sanduku lake, kwa kuwa mkataba wake una tarehe na mgodi nao una kina chake. Siku hiyo jenereta itazimwa na mlinzi ataagwa. Watakaobaki Kolwezi ni mwalimu, muuguzi, mama muuza unga na watoto wao. Na ustawi wa mji huu hauna kipimo kingine ila namna watu hao wanavyolala usiku wa leo.