Mwili Ukiwa Dhaifu, Anza Umeketi

Wengi wenu mmetuuliza: mama ambaye hata ndoo ya maji inamshinda, aweza kuanza chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya kunyoosha viungo polepole kwa kufuata pumzi?

Aweza, lakini zahanati kwanza. Udhaifu usiokwisha waweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya 12 yahitaji tiba. Mazoezi peke yake hayaongezi damu.

Ukishapimwa, anza umeketi kwenye kiti imara, nyayo zimetulia sakafuni. Vuta pumzi puani ukiinua mikono yote miwili hadi juu ya kichwa. Toa pumzi ukishusha mikono. Dakika 5 zatosha kwa siku za kwanza. Ukisikia kizunguzungu au kifua kikiuma, acha, ukamwone daktari.

Wachina wa kale walifundisha kwamba zoezi hili huendesha nguvu iitwayo chi. Sisi hatulifanyi kwa imani hiyo. Twanyoosha viungo alivyotupa Mungu, tupate nguvu za kulea. Kwa sasa, ndoo waibebe baba na watoto.