Mshikaki na Somo la Kemia

Jua linapotua Madungu, mjini Chake Chake, harufu ya mishikaki humfikia mpita njia kabla hajaliona jiko. Aghalabu mwanafunzi aliyekaririshwa darasani maana ya kimeng'enya hununua mshikaki wake, akala, asitambue kwamba somo lile lile limo mkononi mwake. Hiyo ni kasoro ya ufundishaji, wala si ya mwanafunzi.

Hebu itazamwe kazi ya mpishi. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vidogo, ikatiwa chumvi, tangawizi, thomu na papai bichi lililokunwa. Katika utomvu wa papai bichi mna papaini, kimeng'enya kinachokata minyororo ya protini. Ndiyo maana nyama ngumu hulainika. Papai likiiva, utomvu huo hupungua sana. Nyama ikiachwa humo muda mrefu kupita kiasi, uso wake hugeuka rojo. Kisha, juu ya makaa, joto likifikia kiasi cha digrii 140 za Selsiasi, asidi za amino na sukari huungana na kuleta rangi ya hudhurungi na harufu ile inayowavuta watu. Mabadiliko hayo yalielezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912.

Kanuni hizo hazijui mipaka. Huko Ufilipino mishikaki hufanywa kwa nyama ya nguruwe, iliyorowekwa katika mchuzi wa soya, sukari na maji ya tunda la jamii ya ndimu. Pemba, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu, kijiti hubeba nyama ya ng'ombe au pweza. Nyama ni mbali mbali, kemia ni moja.

Wapo wanaodai kwamba mambo ya jikoni hushusha hadhi ya sayansi, na kwamba pasipo maabara hapana jaribio. Dai hilo halina nguvu. Vipande vitatu vya nyama vilivyo sawa vyatosha: cha kwanza kiachwe vivi hivi, cha pili kipakwe papai bichi lililokunwa, cha tatu kipakwe papai bichi lililochemshwa kwanza kwa dakika 10. Baada ya saa 2 vibonyezwe kwa uma. Kitakacholainika ni cha pili. Cha tatu hakitalainika vile, kwa kuwa joto limekwisha kukiharibu kimeng'enya. Nyama ya jaribio isiliwe.

Wala sayansi haikuja kuusifu upishi tu. Mafuta yanayodondoka juu ya makaa hutoa moshi wenye kemikali ziwezazo kuleta saratani, nazo huganda juu ya nyama. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha maradhi hayo. Basi makaa na yakolee kwanza, ndimi za moto zitulie, vijiti vigeuzwe mara kwa mara, na palipoungua pakatwe.

Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake nyama ikilainika hatasahau siku ya mtihani kimeng'enya ni nini; na jioni, mbele ya jiko, atajua pia kipande kipi cha kukiacha.