Mchezo Wenye Picha Nzuri, Mchezo Wenye Kushika Mtoto



Wiki hii tunajibu ulizo ambalo vikundi kadhaa vimetuletea. Watoto wanaomba franka kwa ajili ya michezo ya video, iwe kwenye chumba cha televizio karibu na soko, iwe kwenye simu ya kaka. Kuna mchezo wa zamani, wenye sura mbaya, ambao wanaupenda hata wanasahau chakula. Kuna mwingine mpya, wenye picha za kung'aa, ambao wanauacha baada ya siku mbili. Juu ya nini? Na sisi tunaotoa franka, tutazame nini?

Tuanze na aina ya mchezo wenyewe. Michezo mingi ya zamani ilikuwa kama kanjia ka kwenda mtoni: unaingia hapa, unatokea kule. Hii tunayoongea leo inaitwa michezo ya dunia iliyo wazi. Mtoto anapewa miji, barabara, mito na milima, na anaambiwa: tembea unakotaka. Ni kama kumpeleka sokoni Kisangani na kumwachia mkono.

Mfano unaojulikana zaidi katika miji yetu ni Grand Theft Auto: San Andreas. Ulitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na tangu Disemba 2013 unachezwa kwa simu pia. Hadithi yake ni ya mwaka 1992: kijana Carl Johnson anarudi nyumbani sababu mama yake ameuawa. Picha zake, ukizitazama leo, ni za kusikitisha. Nyuso ni kama za mti uliochongwa haraka, vidole vimeshikana.

Lakini dunia ile inajibu. Carl akila kupita kiasi, ananenepa na kukimbia kwake kunakuwa kuzito. Asipokula, anakonda. Akizoea kuogelea, pumzi yake chini ya maji inaongezeka. Gari likipinduka na kulala juu ya paa lake, linashika moto, na mwenye akili anatoka mbio. Mtoto anajaribu kitu, dunia inamjibu, na kesho inamjibu namna ile ile. Hapo ndipo neno la fizikia linaingia, lile lile ambalo mwalimu anafundisha kwenye masomo: uzito, mwendo, moto, maji. Watengenezaji wameandika sheria, na sheria zinamfuata kila mtu.

Sasa sikieni yaliyotokea Novemba 2021. Kampuni yenye mchezo huo, Rockstar, ilitoa upya San Andreas na ndugu zake wawili wa zamani, ikisema kwamba sasa picha zimetengenezwa vizuri kwa ajili ya mashine za leo. Watu walilipa kwa furaha. Wakafungua, wakakuta mvua iliyochorwa kama nyuzi nyeupe mbele ya macho, hata barabara haionekani. Sisi watu wa Tshopo, ambao mvua inatutembelea karibu kila mwezi, tungecheka. Picha nyingi zilikuwa zimekuzwa na programu ya kompyuta, na maandishi ya vibao vingine vya maduka yakatokea na makosa. Kulikuwa na duka la maandazi lenye nati kubwa ya chuma juu yake, mchezo wa maneno wa jina la duka. Programu ililainisha zile kona sita, nati ikawa duara, na mzaha ukafa. Siku 8 baada ya kutoa mchezo, kampuni iliomba radhi mbele ya watu wote.

Lakini kosa lenye mafundisho zaidi ni la ukungu. Mashine ya mwaka 2004 haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya mbali, basi mafundi walivifunika kwa ukungu. Ulikuwa ufundi wa maskini, na ulifanya kazi. Ukipanda juu ya mlima, huoni mwisho, na unaamini kwamba nchi ni kubwa. Mwaka 2021 ukungu uliondolewa. Mchezaji akasimama juu ya mlima ule ule na kuona miji yote mitatu mara moja, kama sahani juu ya meza. Nchi kubwa ikawa kiwanja kidogo. Kila mama anayekwenda shamba asubuhi anajua: ukungu ukiwa juu ya miti, pori halina mwisho. Kuona zaidi si kupata zaidi kila mara.

Mwaka mmoja mbele, tarehe 10 Disemba 2020, kampuni ya Poland inayoitwa CD Projekt Red ilikuwa imetoa Cyberpunk 2077, mchezo uliongojewa kwa miaka. Picha za kuutangaza zilikuwa za ajabu. Kwenye PlayStation 4, ambayo ndiyo watu wengi walikuwa nayo, mchezo ulikwama na kujifunga wenyewe. Polisi walitokea ghafla nyuma ya mgongo wa mchezaji, hata pale pasipo mlango wala njia. Kabla ya mwezi kwisha, Sony iliutoa kwenye duka lake na kurudishia watu pesa zao. Ulirudi dukani Juni 2021, na mafundi waliendelea kuutengeneza kwa miaka. Leo wengi wanausifu. Lakini ona kilichowakasirisha watu ile siku ya kwanza: taa na majengo yalisifiwa, dunia yenyewe ndiyo ilidanganya.

Kwa upande mwingine kuna Zelda: Breath of the Wild wa kampuni Nintendo ya Japani, uliotoka tarehe 3 Machi 2017. Mashine yake ni ghali na hapa kwetu si rahisi kuiona, lakini mfano wake unafaa. Picha zake ni kama za kitabu cha watoto. Ila ukiwasha majani makavu, moto unaenea, na hewa ya moto inapanda hata inakuinua juu na kitambaa chako. Mvua ikinyesha, mwamba unateleza na huwezi kuupanda vizuri. Ukibeba chuma wakati wa radi, radi inakutafuta. Mti ukikatwa vizuri unalala juu ya bonde na kuwa daraja. Hakuna anayemwambia mtoto jibu. Anafikiri, anajaribu, anaanguka, anarudi.

Basi jibu la ulizo lenu ni hili: picha inamwita mtoto, lakini sheria zinazosimama ndizo zinamshika. Ni kama pagne sokoni. Rangi inakuita, lakini ni baada ya kuifua mara tatu ndipo unajua umenunua nini.

Hapa ndipo tunaomba wamama wasimame kidogo. Mchezo mbaya hauna hatari kubwa kwa mtoto, sababu anauacha mwenyewe. Ule uliotengenezwa vizuri ndio unaomkalisha saa nne. Na dunia yenye kujibu vizuri inafundisha vizuri, hata kama somo lenyewe ni baya. San Andreas ni kazi ya mafundi wakubwa, na ni mchezo wa watu wazima: kuua, kuiba magari, vikundi vya majambazi. Ulaya uliandikwa alama ya 18. Cyberpunk pia ni 18. Zelda ni 12. Alama hizo zinaandikwa juu ya sanduku la mchezo. Lakini hapa kwetu sanduku halifiki. Mchezo unafika umenakiliwa kwenye kadi ya simu, na hakuna wa kutuambia ni wa nani. Kwa hiyo alama ni sisi wenyewe.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutoa franka za mchezo “mpya”, mwambie mtoto akuonyeshe kwa rafiki. Usilipe picha ya kibao. Pili, kaa naye dakika kumi ukitazama, bila kufoka. Muulize: hapa ukifanya hivi, nini kinatokea? Ni nani anaumia? Mchezo unakupa zawadi kwa kufanya nini? Jibu la ulizo hilo la mwisho litakuambia kama mchezo ni wa mtoto wako. Tatu, vikundi vya wamama vikutane na wenye vyumba vya televizio, kwa heshima, mkubaliane saa za kufunga wakati wa masomo na michezo ambayo wadogo hawataingia kuicheza. Mwenye chumba ni jirani yetu, naye ana watoto.

Mtoto anayeuliza kwa nini gari linapinduka ameanza fizikia. Tusimzimie ulizo lake pamoja na televizio.

Wiki ijayo tutaongea juu ya kadi za simu na mambo mengine yanayonakiliwa pamoja na michezo.