Mbegu Mbichi Hazifai

Wako wenzetu wadhanio kwamba mbegu ni mbegu tu. Muhula uliopita kila mmoja wetu aliambiwa alete kopo la matunda ya mwarobaini kwa ajili ya kitalu. Kwa kuwa yaliyohesabiwa ni makopo, tulitikisa matawi tukazoa mabichi na mabivu pamoja. Nami sikubaki nyuma. Viriba vingi havikuota kitu.

Sababu yake si uchawi. Tunda likiwa la kijani, kiini cha mbegu bado hakijakomaa wala hakijajiwekea chakula cha kutosha. Maji yamezidi, na mbegu ikianikwa husinyaa au hushika ukungu. Lililolala chini siku nyingi nalo huoza. Lifaalo ni lile lililogeuka manjano mtini. Liondolewe nyama upesi, mbegu ianikwe kivulini, kisha ipandwe mapema, kwani mbegu ya mwarobaini haiwekeki sana.

Kwa maoni yangu, tusipimwe kwa wingi wa makopo, tupimwe kwa rangi ya matunda. Mvumilivu hula mbivu. Na apandaye miti naye apande mbivu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne