Ukitaka ndege akae katikati, lipia kitambaa

Kuna swali unalolipenda sana ukiwa mbele ya fundi: "Lakini si ni vipande tu?"

Umeona mkoba, mto wa kochi, au mfarishi wa viraka, ile blanketi inayoshonwa kwa vipande vya vitambaa. Kila kiraka kina ndege wa kitenge aliyekaa katikati, mdomo mzima, mkia mzima. Umependa, umepiga na picha. Ukitajiwa bei unaruka, eti vipande huokotwa sakafuni kwa fundi yeyote mtaani.

Bosi, hivyo vipande havikuokotwa. Vilichaguliwa. Na kuchagua ndiyo kazi unayokataa kulipia.

Hebu tupige hesabu kidogo. Hii sikuipata chuoni, maana niliondoka mwaka wa pili. Hii ni hesabu ya tepu na mkasi.

Tuseme kitenge kina upana wa inchi 45. Ndege anajirudia mara tatu kwa upana, na kwa urefu anarudi kila baada ya inchi 12. Unataka viraka 12, kila kimoja inchi sita na nusu kwa sita na nusu. Ukikata mfululizo bila kujali mchoro, viraka sita vinaingia kwa upana, kwa hivyo inchi 13 za urefu zinatosha. Lakini utapata kichwa huku, mguu kule. Ukitaka ndege mzima kwa kila kiraka, kila safu inakupa vitatu tu. Sasa unahitaji inchi 48.

Hiyo ni karibu mara nne! Yadi ikiwa shilingi 200, kitambaa cha shilingi 72 kimegeuka cha 267. Na bado hatujagusa muda.

Muda nao si mchezo. Anayeijua kazi hii hukata dirisha kwenye karatasi ngumu, saizi ya kiraka kitakavyoonekana kikishashonwa. Halafu analisogeza juu ya kitambaa polepole mpaka ndege aingie sawasawa. Anaacha robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono, juu mdomo wa ndege ukiangukia hapo, mshono unaumeza. Anaangalia pia uzi wa kitambaa umelala vipi. Akikata kimshazari ili tu ndege asimame wima, kingo zinavutika na mfarishi unatoka umepinda. Yote haya yanafanyika kabla cherehani haijaguswa.

Leso ndiyo ina mtihani zaidi. Ina pindo pembeni, mji katikati, na jina lake chini. Chukua leso iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", kata mkoba bila kuangalia, ile "usi" ibaki mezani. Mteja wako atatembea mjini amebeba begani ushauri wa kinyume kabisa.

Najua kuna wanaopinga. Mafundi wakongwe watakuambia huu ni uharibifu, kwamba kitenge kizima kinaachwa na matundu kama chujio. Nawaheshimu, kwa sababu wengi wao wamevisha familia nzima kwa yadi chache. Lakini kinachobaki si takataka. Kuna kanda za kuzungushia ukingo, kuna vijipande vya kujazia kati ya viraka.

Tena kukata ua kwa kuchagua si anasa iliyoletwa na watoto wa siku hizi. Uingereza ya karne ya 18, vitambaa vya maua kutoka India vilikuwa na thamani kubwa. Washonaji walikata ua moja moja wakalishonea juu ya kitambaa cha kawaida, ndiyo kipande kidogo kizuri kiweze kupamba kitanda kizima. Kwao huko kuchagua kulikuwa njia ya kubana matumizi.

Kwa hivyo wewe kijana unayeshona, acha kujiumiza. Usipige bei kwa kuangalia kiraka kilicho mkononi. Hesabu yadi uliyoikata, pamoja na matundu yake. Mwambie mteja kabla ya mkasi kuingia, si baada. Mwonyeshe njia mbili: hii ya ndege katikati, bei hii, hii ya kukata mfululizo, bei ile. Na si lazima kila kiraka kiwe na ndege. Weka wanne katikati, vingine viwe vya rangi moja. Ndege wataonekana zaidi, na kitenge kitapumua.

Na wewe mnunuzi, mfuko ukiwa mwembamba sema tu. Hakuna aibu. Mfarishi uliokatwa mfululizo unakupa joto lilelile usiku. Kisicho haki ni kutaka kazi ya ndege mzima kwa bei ya ndege aliyekatwa kichwa. Huyo dada mwenye cherehani moja kwenye chumba cha kupanga hana kampuni nyuma yake ya kubeba hasara. Mia mbili unayomkata leo ndiyo ilikuwa kitambaa cha oda ya kesho. Ukimfanyia hivyo mara tatu, wiki ijayo utampata amefunga, halafu utaandika mtandaoni kwamba vijana wa Kenya hawana subira na biashara.

Kwa hivyo ukipenda kazi ya mtu, kabla ya kuuliza "ya mwisho ni ngapi?", muulize kwanza ametumia yadi ngapi. Halafu mpe nafasi akujibu.