Tuta Lizuialo Maji Huzuia na Matope

Watu wengi, wasikiapo kwamba bahari imefurika tena katika nchi ya Bangladesh, hudhani ya kuwa shauri lote ni la bahari kupanda. Ni kweli bahari inapanda. Lakini iko sababu ya pili, nayo ni kushuka kwa ardhi, na katika jambo hilo mkono wa mwanadamu umo.

Sehemu kubwa ya nchi hiyo, yenye watu zaidi ya milioni 160, imelala juu ya udongo ulioletwa na mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna. Zamani maji yalipojaa yaliingia mashambani, na yalipokupwa yaliacha tabaka jembamba la matope. Udongo ule laini hudidimia daima kwa uzito wake wenyewe; matope mapya ndiyo yaliyourudishia kimo chake. Wakulima wetu wa Mto Tana hawahitaji kuelezwa neema ya matope ya mafuriko.

Ila maji yale yalikuwa na chumvi, nayo yaliharibu mpunga. Kwa hiyo katika miaka ya 1960, nchi ilipokuwa ingali ikiitwa Pakistani ya Mashariki, serikali ilijenga matuta makubwa ya udongo kuvizunguka visiwa. Mavuno yaliongezeka, na watu walishukuru. Wala sisi tusiwacheke. Lakini tuta halichagui: lizuiapo maji huzuia na matope. Wataalamu waliopima kisiwa kimoja cha Khulna walieleza mwaka 2015 kwamba mashamba yaliyo ndani ya tuta yako chini kwa futi 3 hadi 5 kuliko msitu wa Sundarbans ulio jirani, ambao haukuzungushiwa kitu.

Watu wanaoishi katika bakuli la namna hiyo huponzwa na tufani. Ile ya Novemba 1970 iliua watu wasiopungua 300,000. Tangu hapo maonyo na majumba ya kukimbilia yameokoa roho nyingi sana, lakini jumba halihifadhi shamba. Mwezi wa Mei 2009 tufani iliyoitwa Aila ilivunja tuta la kisiwa kile cha Khulna, na kwa muda wa karibu miaka miwili maji yalijaa na kupwa humo kila siku, watu wakiishi juu ya tuta lenyewe. Maji yalipozuiwa tena, ilionekana kwamba yameacha matope ambayo kwa kawaida yangalichukua miongo ya miaka kukusanyika.

Wenyeji wa Beel Bhaina walikwisha kulijua jambo hilo. Mashamba yao yaligeuka ziwa la maji ya mvua yasiyo na pa kutokea, na mwaka 1997 walilikata tuta wao wenyewe. Liliachwa wazi hadi 2001. Ardhi ikainuka, na mto ukapata kina chake tena.

Shida ni kwamba shamba likifunguliwa hivyo, mwenyewe hukosa mavuno miaka kadhaa ilhali majirani wanafaidika. Fidia hutaka hati za ardhi, na mkulima wa kukodi hana hati.