Hesabu za Hewa Zisimsahau Mfanyakazi



Siku hizi kiwanda kinapojengwa, au mtambo mpya unapoletwa, huenda ukaja pamoja na picha za rangi zilizotolewa na kompyuta. Picha hizo huonyesha hewa itapita wapi ndani ya jengo, joto litakusanyika wapi, na moshi utatokea upande gani. Mwajiri akizitandaza mezani na kusema kwamba kompyuta imethibitisha hewa ni safi, wengi wetu hunyamaza, tukidhani hayo ni mambo ya wasomi. Maoni yangu ni kwamba tusinyamaze. Hewa inayohesabiwa ndiyo hiyo tunayoivuta.

Kwanza tuielewe elimu yenyewe, maana haina uchawi. Hewa, maji, mvuke na moshi hufuata kanuni za mwendo ambazo Navier aliziandika huko Ufaransa mwaka 1822, na Stokes akazifafanua huko Uingereza mwaka 1845. Mahali penye kona na mashine nyingi, kama karakana, kanuni hizo haziwezi kutatuliwa moja kwa moja kwa kalamu. Kwa hiyo wahandisi huligawa jengo, kwa hesabu, katika vijisanduku vidogo, maelfu kwa mamilioni. Kompyuta hukokotoa kila kijisanduku: hewa kiasi gani inaingia, kiasi gani inatoka, ina joto gani. Hurudia hivyo mpaka hesabu zote zipatane.

Kazi hiyo ilianza kwa mikono ya watu. Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1922, alikisia kwamba watu 64,000 wangehitajika kukokotoa pamoja ili hesabu ziende sawa na hali ya hewa ya dunia nzima. Katika Kiingereza cha wakati ule, kompyuta lilikuwa jina la mtu mwenye kazi ya kukokotoa. Richardson alijaribu mwenyewe kwa hesabu za siku moja ya mwaka 1910, akapata jibu lililokosea vibaya sana. Hakulificha, alilichapa ndani ya kitabu chake. Hiyo ndiyo desturi njema ya elimu hii: hesabu huwekwa kando ya kipimo, na ikikosea husemwa wazi.

Leo hesabu hizi hutumika kubuni ndege, magari, magurudumu ya maji ya mitambo ya umeme, matanuri ya saruji na mabomba ya mafuta. Faida kwa mwenye mali ni dhahiri, kwa kuwa mafuta hutumika kidogo na majaribio ya gharama hupungua. Sisi hatupingi maendeleo hayo. Swali letu ni hili: je, elimu hiyo hiyo inatumika kwa bidii ile ile kuyalinda mapafu ya mfanyakazi?

Tuchukue mfano wa London. Tarehe 18 Novemba 1987, moto ulitokea katika stesheni ya reli ya chini ya ardhi ya King's Cross, kwenye ngazi ya umeme iliyojengwa kwa mbao. Watu 31 walikufa, pamoja na ofisa mmoja wa zimamoto. Moto ulianza mdogo, kisha kwa ghafla ukalipuka na kuujaza ukumbi wa tiketi. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Harwell waliuhesabu moto huo kwa kompyuta. Jibu likawashangaza watu: kompyuta ilisema miali ya moto haikusimama juu kama kawaida, bali ililala chini ndani ya mfereji wa ngazi na kukimbia kuelekea juu, ikizichoma mbao za mbele yake. Wengine walilitilia shaka jibu hilo. Ndipo ukajengwa mfano mdogo wa ngazi hiyo katika maabara ya serikali huko Buxton, ukawashwa moto, na miali ikalala kama kompyuta ilivyosema.

Hapo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, hesabu zikifanywa kwa uaminifu huweza kuonyesha hatari ambayo hata jicho la mtaalamu halikuitazamia. La pili ni zito zaidi. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell, uliotoa taarifa yake mwaka 1988, ulionyesha kwamba grisi na takataka zilikuwa zimejikusanya chini ya ngazi ile, na kwamba wafanyakazi wa stesheni hawakuwa wamefundishwa vya kutosha jinsi ya kukabili moto na kuwaondoa watu. Kuyajua hayo hakukuhitaji kompyuta. Kulihitaji ufagio, mafunzo, na uongozi unaojali. Kompyuta ilieleza vizuri sana, lakini ilieleza baada ya mazishi.

Sasa tuje kwenye karakana zetu. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliamua kwamba moshi wa kuchomelea vyuma unasababisha saratani kwa binadamu. Basi mchomeleaji anahitaji bomba la kufyonza moshi, na bomba hilo laweza kuhesabiwa kwa kompyuta. Lakini angalieni jambo moja. Mwili wa mtu ni kama nguzo katika mkondo. Upepo ukimjia mgongoni, mbele ya kifua chake hewa huzunguka mahali pamoja, na moshi hupandishwa mpaka puani. Aliyehesabu chumba bila kumweka mtu ndani yake atapata picha nzuri ya hewa safi. Mfanyakazi akisimama pale, picha inakuwa nyingine kabisa.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengine mengi. Kompyuta hukokotoa kile ilichoambiwa. Ikiambiwa madirisha yako wazi, itahesabu madirisha wazi, hata kama yamefungwa kwa misumari tangu mvua za mwaka juzi. Ikiambiwa feni inazunguka kwa nguvu zote, haitajua kwamba mkanda wake umelegea. Anayeyajua hayo ni fundi, mpakiaji, na mfagiaji. Kwa hiyo ujuzi wa mfanyakazi ni sehemu ya hesabu yenyewe, na hesabu iliyomwacha nje imepungukiwa.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba hatuna fedha za elimu hiyo. Ni kweli wataalamu ni wachache na wanahitaji kulipwa. Lakini programu zenyewe zipo bila malipo: ile ya kuhesabu moto na moshi iliyotolewa na taasisi ya serikali ya Marekani mwaka 2000, na OpenFOAM iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2004. Chama kinaweza kukiendea chuo kikuu na kuomba mwalimu na wanafunzi wake waihesabu karakana moja, huku wafanyakazi wakiwaeleza hali ilivyo.

Wala hatuombi fadhila. Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, ambao unahusu hewa chafu, kelele na mitetemo kazini, unasema wafanyakazi au wawakilishi wao wawe na haki ya kutoa mapendekezo na kupata habari na mafunzo. Mwaka 2022 Shirika hilo liliyaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini.

Kwa hiyo kamati zetu za matawi zidai mambo matatu. Mosi, mwakilishi wa wafanyakazi awepo wakati wahandisi wanapoandika hali ya chumba itakayohesabiwa. Pili, hesabu ifanywe mfanyakazi akiwa mahali pake pa kazi, mashine zote zikifanya kazi, na pia feni ikiwa imeharibika. Tatu, jibu la kompyuta lijaribiwe kwa moshi wa majaribio na kwa vipimo vya hewa, na matokeo yabandikwe ukutani tuyasome, yawe mazuri au mabaya.

Ndugu, siku picha za rangi zitakapotandazwa mezani, mwulizeni mhandisi swali moja tu kwanza: katika hesabu hii, mimi nimesimama wapi?